Mkeka ulitoka, akaunti haikufunguka: Namna familia inavyoweza kumsaidia kijana kutafuta kazi mtandaoni

Ujumbe uliingia saa 4 usiku, mama akiwa anafunika sufuria la unga wa vitumbua ili uumuke hadi alfajiri. Binti yake, mwenye stashahada ya uuguzi na ukunga aliyoipata miaka miwili iliyopita, alitoka chumbani mbio, simu mkononi.

"Mama, nimechaguliwa!"

Ujumbe ulikuja kwa WhatsApp. Juu una nembo ya Taifa, katikati jina la hospitali kubwa ya Serikali, kisha cheo: Afisa Muuguzi Msaidizi daraja la II. Chini, kwa herufi kubwa, umeandikwa kwamba aliyechaguliwa atume Sh150,000 kabla ya saa 6 mchana wa kesho yake, kwa ajili ya vipimo vya afya na kitambulisho cha kazi. Asiyetuma, nafasi yake atapewa mwingine.

Mama ni mweka hazina wa kikoba cha mtaani. Ndani ya kabati, kwenye kopo la maziwa, kulikuwa na fedha za wanachama. Mkono ulishafika kwenye ufunguo.

Aliyeuzuia ni baba mdogo wa binti, aliyekuwa amekaa barazani akinywa kahawa. Aliuliza swali moja tu: "Kazi hiyo uliiomba lini, mwanangu?"

Binti hakukumbuka. Aliomba nyingi.

"Basi si una ile akaunti yako ya ajira za Serikali? Ifungue tuone kama jina lako lipo."

Akaunti haikufunguka. Iliwahi kufunguliwa na kijana wa steshenari, kwa baruapepe ya kijana huyo na neno la siri alilolijua yeye. Binti alilipia huduma, akapewa karatasi, akarudi nyumbani kusubiri.

Nyumba hii inaweza kuwa Magomeni ya Bagamoyo, Mapinga, Kerege, Bunju au Saadani. Haina jina kwa sababu ziko nyingi. Mwanzo wa habari ni ule ule: cheti kipo, simu ipo, bando linanunuliwa, lakini hakuna anayejua kwa hakika nini kimetumwa, wapi, na kwa jina gani.

Asubuhi yake, walipotulia, binti alifungua tovuti ya Sekretarieti ya Ajira na kuanza kupitia orodha za nyuma za walioitwa kwenye usaili, ile ambayo vijana huiita mkeka. Jina lake alilikuta. Usaili ulishapita wiki tatu.

Kazi ya kweli ilipita kimya. Ya uongo ndiyo iliyokuja kubisha hodi usiku.

Akaunti ni ya mwombaji, si ya steshenari

Ajira nyingi za Serikali Tanzania Bara hutangazwa na kuombwa kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, unaopatikana portal.ajira.go.tz. Mwombaji hujisajili kwa namba yake ya NIDA, huweka taarifa zake, elimu, vyeti na wadhamini, kisha huomba nafasi anayoistahili. Kuomba ni bure.

Wazazi wengi hudhani akaunti hiyo ni ya kutumia mara moja, kama fomu ya zamani iliyotiwa kwenye bahasha na kupelekwa posta. Sivyo. Ni kama sanduku la barua, na mwenye ufunguo ndiye anayejua kilichoingia.

Mwombaji anayeitwa kwenye usaili wa maandishi hutakiwa kuingia kwenye akaunti yake na kunakili namba ya mtihani, kwa kuwa namba hiyo haigawiwi mlangoni siku ya usaili. Asiyeitwa, akaunti ndiyo inayomweleza sababu: cheti hakikuambatishwa, barua haikusainiwa, sifa hazilingani na tangazo. Kijana asiyeweza kuifungua hurudia kosa lile lile kila tangazo linapotoka, huku nyumbani wakisema hana bahati.

Hakuna ubaya kwenda steshenari. Bagamoyo mjini, Mapinga na Bunju huko ndiko kwenye mashine ya kuskani na kompyuta ya kukodi. Jambo la msingi ni kwamba baruapepe iwe ya mwombaji, imefunguliwa kwa simu yake, na neno la siri aliandike yeye mwenyewe. Akimaliza atoke kwenye akaunti, na nakala za vyeti na kitambulisho zifutwe kwenye kompyuta ya watu.

Baruapepe nayo iwe ya heshima, yenye majina yake. Ile aliyofungua akiwa kidato cha pili, yenye jina la msanii anayempenda na tarakimu za kuchezea, aiache kwa marafiki.

Namba ya simu iliyoandikwa kwenye maombi isibadilishwe ovyo. Laini ikipotea, irudishwe kwa namba ile ile. Kuna kijana aliyepigiwa na mwajiri akiwa ameshahamia laini nyingine kwa sababu ya ofa ya bando, na mwajiri hapigi mara tatu.

Kwa akaunti iliyokwisha kufunguliwa na mtu mwingine, njia ni kumtafuta aliyeifungua abadilishe taarifa mbele ya mwenye akaunti. Akikosekana, mwombaji awasiliane na Sekretarieti yenyewe kwa mawasiliano yaliyo kwenye tovuti yao. Asiombe msaada kwa mtu wa kundi la WhatsApp anayedai kurekebisha akaunti kwa malipo.

Hadija au Khadija?

Kwa familia za mwambao kuna jambo jingine linalokwamisha watu, nalo huanza siku mtoto anapoandikishwa shule. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Khadija, cha kidato cha nne kinasema Hadija. NIDA imeandika Fatma, chuo kimeandika Fatuma. Mmoja ana Saidi, mwingine Said. Wapo wanaotumia jina la babu chuoni na jina la ukoo kwenye kitambulisho.

Nyumbani ni mtu mmoja. Kwa msaili mwenye karatasi mezani, ni watu wawili.

Maelekezo ya usaili wa Serikali huwataka wenye majina yanayotofautiana kwenye nyaraka wawe na hati ya kisheria ya kuthibitisha majina. Hati hiyo huandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Huchukua muda na fedha, hivyo si kazi ya kuanza siku mkeka unapotoka.

Hapa mzazi ana nafasi kubwa kuliko kijana, kwa sababu yeye ndiye anayekumbuka mtoto aliandikishwaje. Jioni moja inatosha kutandika vyeti vyote mkekani: cha kuzaliwa, cha msingi kama kipo, cha kidato cha nne, cha chuo na kitambulisho cha NIDA. Yasomwe majina herufi kwa herufi, pamoja na tarehe za kuzaliwa.

Wakati vyeti viko chini, vikaguliwe na mambo mengine. Kwa ajira za Serikali, matokeo ya muda na hati za matokeo tu huwa hazikubaliki badala ya cheti chenyewe. Waliosoma nje ya nchi vyeti vyao vinatakiwa kuhakikiwa na mamlaka husika: NECTA kwa sekondari, NACTVET kwa vyuo vya kati, TCU kwa vyuo vikuu.

Kwa wauguzi, wafamasia, wataalamu wa maabara na kada nyingine zenye mabaraza, usajili na leseni hai ni sehemu ya sifa. Muuguzi aliyekaa nyumbani miaka miwili akaacha leseni yake kwenye Baraza la Uuguzi na Ukunga ikaisha muda, ana cheti kizuri lakini hawezi kupangiwa wodi. Fedha iliyotaka kutumwa kwa tapeli usiku ule ilikuwa na kazi ya maana zaidi hapo.

Baada ya hapo kila cheti kiskaniwe vizuri, kisomeke, kihifadhiwe kwa jina linaloeleweka, na kiwekwe sehemu mbili: kwenye simu na kwenye hifadhi ya baruapepe. Simu huibiwa kwenye daladala na huanguka kwenye maji ya bahari. Baruapepe hubaki.

Kutafuta si kuperuzi

Kijana anaweza kushika simu saa sita akitafuta kazi na asitume ombi hata moja. Anaanza na tangazo, linampeleka kwenye kundi, kundi linampeleka kwenye video, video inampeleka kwenye mpira. Bando limekwisha na siku imekwisha.

Ushindani upo, na mzazi anapaswa kuujua ili asimlaumu mtoto bure. Mapema mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilipotangaza nafasi 1,596, walioomba walikuwa zaidi ya 135,000. Kwa hesabu ya haraka, watu zaidi ya 80 kwa kila kiti kimoja. Kati ya hao hakika wako waliosoma vizuri, wenye tabia njema na wazazi wanaowaombea.

Ndiyo maana kutafuta kunahitaji utaratibu. Saa moja asubuhi yenye mpango huzidi siku nzima ya kuhangaika.

Nusu saa ya kwanza iwe ya kuangalia vyanzo vyenyewe, si makundi. Kwa kazi za Serikali ni tovuti ya Sekretarieti ya Ajira na tovuti za taasisi zinazoishia na .go.tz. Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania (TaESA), ulio chini ya wizara yenye dhamana ya kazi, huunganisha watafuta kazi na waajiri na husimamia mafunzo ya vitendo kazini kwa wahitimu. Kwa sekta binafsi ipo mitandao kama BrighterMonday na LinkedIn, pamoja na kurasa za ajira za kampuni na taasisi zenyewe.

Nusu saa ya pili iwe ya kuandika na kutuma ombi moja lililofaa. Moja kwa siku ni matano kwa wiki. Barua ya maombi iandikwe upya kwa kila tangazo, ikitaja cheo kama kilivyoandikwa na kujibu sifa zilizotajwa. Barua moja inayotumwa kote, hadi jina la taasisi ya jana likabaki kwenye barua ya leo, huonekana mara moja.

Anapotafuta kwa Google, aandike kwa ukamilifu: kada yake, mahali na mwaka. "Muuguzi Bagamoyo nafasi ya kazi 2025" humpeleka karibu kuliko "ajira mpya leo". Kabla ya kusoma tangazo lote, aangalie tarehe ya mwisho, maana matangazo ya mwaka juzi huzunguka mtandaoni kama mapya.

Kisha awe na daftari la kawaida la shule, lenye mistari minne kwa kila ombi: taasisi, cheo, tarehe aliyotuma, tarehe ya mwisho. Daftari hilo ndilo lingejibu swali la baba mdogo usiku ule. Anayejua alichoomba ni vigumu kutapeliwa kwa kazi asiyoiomba.

Kazi ambazo hazitangazwi

Mtandao ni zaidi ya ubao wa matangazo. Unaweza pia kutumika kama ramani.

Zahanati binafsi, shule, hoteli na viwanda vidogo vingi havitoi tangazo lolote. Mtu akiacha kazi, mwenye mali huuliza waliopo kama wanamjua mtu. Kijana anaweza kufungua ramani ya Google kwenye simu, akaandika "hospitali" au "zahanati", akasogeza kutoka Bagamoyo mjini kupita Kiromo, Zinga, Kerege, Mapinga, Bunju hadi Tegeta, na kupata majina na namba za simu za vituo ambavyo hajawahi kuvifikiria.

Kutoka hapo ni kupiga simu mchana, kusalimia kwa adabu, kujitambulisha na kuomba jina la mtu wa kumpelekea wasifu. Wengi watasema hakuna nafasi. Mmoja atasema ulete.

Ukanda huu una waajiri wanaojulikana: Taasisi ya Afya Ifakara yenye kituo cha utafiti Bagamoyo, palipofanyika sehemu ya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, kiwanda cha sukari cha Makurunge, chuo cha uvuvi cha Mbegani, TaSUBa, hoteli za ufukweni na kambi za watalii za Saadani. Kila mmoja anaweza kuhitaji muuguzi, mhasibu, dereva, mpishi au mtunza stoo. Kijana aandike orodha ya waajiri ishirini walio ndani ya nauli anayoimudu, kisha awafuatilie mmoja mmoja.

Na mzazi naye ana mtandao wake, wa watu. Mama wa vitumbua anawajua wateja wake kwa majina. Kusema wazi kwamba "binti yangu ni muuguzi, anatafuta mahali" si aibu wala si kuomba upendeleo. Ni taarifa.

Alama za tapeli

Ujumbe wa usiku ule ulikuwa na alama zote. Mzazi anaweza kuzifahamu bila kujua kompyuta.

Alama ya kwanza ni fedha. Mwajiri wa kweli hulipa, halipwi. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1997, unaweka msingi kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mtafuta kazi ada, iwe moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Tapeli hasemi "nunua kazi". Husema ada ya fomu, ya sare, ya mafunzo, ya kitambulisho, ya vipimo vya afya.

Hiyo ya vipimo huwanasa wengi kwa sababu inasikika kama kweli. Ni kweli kazi nyingi huhitaji kipimo cha afya. Lakini mtu hupimwa hospitalini, akiwa amesimama mbele ya mtaalamu, hulipia kwenye dirisha la hospitali na hupewa risiti. Hakuna kipimo cha damu kinachofanyika kwa kutuma fedha kwenye simu ya mtu.

Alama ya pili ni mahali fedha inapokwenda. Malipo halali ya Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile inayoanza na 99, si kwa namba ya simu yenye jina la mtu.

Alama ya tatu ni haraka. "Kabla ya saa 6 mchana", "nafasi zimebaki mbili", "usimwambie mtu". Lengo ni kuzuia lile swali la baba mdogo lisiulizwe.

Alama ya nne ni anuani. Asome tovuti hadi mwisho: ajira.go.tz si sawa na jina refu lenye neno ajira ndani yake lakini likaishia na .com au .info. Nembo yoyote inaweza kunakiliwa kwa dakika moja. Mwisho wa anuani ndio wa kuangalia.

Alama ya tano ni kutaka taarifa nyingi mapema: picha ya kitambulisho cha NIDA pande zote, picha ya uso, namba ya siri iliyoingia kwenye simu. Namba ya siri haitolewi kwa mtu yeyote, hata akijiita afisa. Taarifa hizo zinaweza kutumiwa kusajili laini au kufungua mkopo kwa jina la kijana. Kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, abonyeze *106#.

Ujumbe wa kitapeli unaokuja kwa meseji ya kawaida hutumwa namba 15040 ili namba husika ishughulikiwe. Kama fedha imeshatoka, familia ipige simu mara moja kwa huduma kwa wateja ya mtandao wao kuomba muamala uzuiwe, kisha iende kituo cha polisi kuchukua RB ikiwa na picha za mazungumzo yote. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu mwaka 2015. Kufuta mazungumzo kwa hasira au aibu ni kumsaidia tapeli.

Wapo pia wanaokuja bila simu, jirani mwenye "mtu wa ndani" anayetaka laki tatu ili jina lisogee. Kwa mwambao huu watu wameuza hadi kipande cha shamba. Ukitoa fedha hiyo huwezi kudai risiti wala kwenda polisi bila kujishtaki mwenyewe kwa rushwa, na anayeipokea anajua hivyo.

Kazi za nje: swali la pasipoti

Mwambao na Oman wanajuana kwa karne nyingi, na kila mtaa wa Bagamoyo una mtu mwenye ndugu Muscat au Dubai. Wapo waliokwenda, wakajenga, wakasomesha wadogo zao. Hilo ndilo linalofanya tangazo la simu liaminike haraka.

Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu, baada ya kuzungumza na 50 kati yao. Wengi walieleza kunyang'anywa pasipoti na kufanyishwa kazi saa nyingi kuliko walivyoahidiwa, na wapo waliodai kunyimwa mshahara au kupigwa.

Hatari mpya inawalenga wasomi. Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kuwa watu wapatao 120,000 nchini Myanmar na 100,000 Kambodia huenda wanashikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Wengi waliitikia matangazo ya kazi ya kompyuta au huduma kwa wateja, mara nyingi wakiambiwa wanakwenda Thailand. Wakenya na Waganda walikuwamo. Mwanzoni mwa 2025, watu takriban 7,000 walitolewa kwenye kambi hizo za mpakani.

Kwa hiyo kijana anayepata kazi ya nje kwa simu, familia ifanye mambo matatu kabla ya nauli. Jina la wakala liulizwe TaESA, ofisi inayohusika na ajira za Watanzania nje. Mkataba usomwe, uwe na jina la mwajiri, mahali, mshahara na saa za kazi, na nakala ibaki nyumbani. Tatu, aina ya viza iangaliwe: anayepelekwa kufanya kazi kwa viza ya utalii hapelekwi kazini.

Nakala ya pasipoti ibaki kwa mama. Na liwepo neno moja la siri la kifamilia, ambalo akilitaja kwenye simu, hata kama kuna mtu amesimama pembeni yake, nyumbani wajue hayuko salama.

Swali la asubuhi

Kukaa nyumbani na cheti kunaumiza. Wapo vijana wanaoacha kula mezani na wengine, wanaolala saa 9 usiku wakiperuzi na kuamka mchana, wanaokasirika kwa neno dogo. Mzazi huona uvivu, wakati mwingine ni aibu.

Swali la "bado tu hujapata?" huulizwa kwa upendo, lakini halina jibu, maana kupata hakuko mikononi mwake. "Wiki hii umetuma wapi?" lina jibu, na jibu liko kwenye daftari.

Simu ilale nje ya chumba usiku, matangazo hayatoki saa 8 za usiku. Bando la kazi litengwe na kuhesabiwa kama nauli. Na mwenye kada ya afya asikae bila kugusa kazi yake. Kujitolea kwa makubaliano ya maandishi, hata siku mbili kwa wiki, hulinda ujuzi na humpa mdhamini wa kumwandika. Kijana akikata tamaa kabisa, akasema maisha hayana maana au akajitenga wiki nzima, hilo ni suala la kituo cha afya, na asipelekwe kwa maneno ya kejeli.

Katika ile nyumba, fedha za kikoba zilibaki kwenye kopo. Kijana wa steshenari alipatikana Chalinze, akapigiwa, na baada ya siku nne baruapepe kwenye akaunti ikabadilishwa. Ndani yake kulikuwa na namba ya mtihani wa usaili uliokwisha kupita. Binti aliitazama kidogo, akaandika kwenye daftari ukurasa wa kwanza, ili asisahau.

Leseni aliihuisha mwezi huo. Jina la Hadija likapelekwa kwa wakili. Kati ya vituo kumi na saba alivyopiga simu, kimoja cha Mapinga kilimwita azibe pengo la muuguzi aliye kwenye likizo ya uzazi, miezi mitatu. Mshahara si mkubwa, na kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kupanda daladala, bado anafungua akaunti yake kuangalia kama mkeka umetoka.

Neno la siri analijua yeye. Mama analijua daftari lilipo.